Uimara na Urekebishaji wa Visigino vya Viatu: Kazi ya Fundi Viatu katika Busale na Ukanda wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Historia ya viatu nchini Tanzania imezoeleka kuelezwa kama historia ya viwanda: Bata iliyokuja kujulikana kwa jina la Bora, Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, na karakana ya Gereza la Karanga mjini Moshi. Katika masimulizi ya namna hiyo, kiatu huanza maisha yake kiwandani na kuyamaliza pale kinapouzwa. Miaka inayofuata, ambapo kiatu hutembea, hulowa, huachana, hushonwa na kutembea tena, haihesabiwi kuwa sehemu ya historia ya teknolojia. David Edgerton, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu teknolojia kongwe zinazoendelea kutumika, alionesha kwamba upungufu huu si wa Afrika peke yake. Wanahistoria wa mahali pengi wameandika juu ya uvumbuzi na kusahau matumizi na matengenezo.

Makala haya yanaanzia pale kiatu kinapoharibikia, hususani kwenye kisigino. Kisigino ndicho hupokea uzito wa mwili kwanza katika kila hatua, na kwa kawaida ndicho hulika mapema kuliko sehemu nyingine za kiatu. Eneo linaloangaliwa ni Busale, mojawapo ya kata za Wilaya ya Kyela katika Mkoa wa Mbeya, pamoja na ukanda unaoizunguka kutoka miteremko ya Rungwe hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Hoja kuu ni kwamba uimara wa kisigino katika ukanda huu haukuletwa na kiwanda kilichozalisha kisigino kisichovunjika. Uliletwa na fundi aliyekigawa kisigino katika sehemu mbili, moja ya kudumu na nyingine ya kulika na kubadilishwa. Kila mara viwanda vilipoleta kisigino kisichogawanyika, fundi alikigawa upya.

Mjadala umepangwa katika sehemu tano zinazofuata. Ya kwanza inaeleza mazingira ya asili, tatu zinafuata mtiririko wa wakati tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi sasa, na ya tano inachambua maarifa ya fundi yenyewe kabla ya hitimisho.

2.0 Udongo, Maji na Mguu

Uwanda wa Kyela upo katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone upande wa mashariki na nyanda za juu za Rungwe upande wa kaskazini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuutawanya udongo wake uwandani kabla ya kuingia ziwani. Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na sehemu zake kadhaa hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hizo ndizo zimeufanya mpunga, kakao, migomba na michikichi kustawi. Mvua hizohizo ndizo adui wa kwanza wa kiatu.

Kisigino huharibika kwa njia tatu, na zote tatu hukutana katika ukanda huu. Njia ya kwanza ni msuguano. Watu wengi hutua kwa ukingo wa nje wa kisigino, hivyo upande huo hulika kabla ya mwingine. Changarawe na mchanga wa njia za vijijini hufanya kazi ya msasa. Njia ya pili ni mkazo wa kupinda. Mguu unaponasa katika tope na mtembeaji akauvuta, kisigino husukumwa nyuma huku soli ikivutwa mbele, na nguvu yote hukusanyika kwenye kiungo cha viwili hivyo. Njia ya tatu ni unyevu. Ngozi iliyolowa huvimba na kukauka ikiwa imesinyaa, gundi huachia, na msumari wa chuma hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na pia huingiliana na tanini iliyomo ndani ya ngozi. Matokeo yake ni doa jeusi kuzunguka msumari, kisha ngozi hulegea na kumomonyoka, na msumari hubaki ukicheza ndani ya tundu.

Kwa sababu hiyo, kisigino kinachodumu kwa miaka katika mji mkavu wenye lami kinaweza kutodumu hata masika moja Kyela. Dhana ya uimara haiwezi kutenganishwa na mahali. Kiwanda kilichopo mbali hupima uimara kwa barabara kinayoijua, ilhali fundi wa Busale huupima kwa njia iendayo shambani, shuleni na kanisani.

3.0 Kutoka Peku hadi Kiatu cha Ngozi, 1891–1961

Mnamo 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa na kuanzisha vituo vyao. Utawala wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, ulifuata. Kwa wakazi walio wengi miguu iliendelea kuwa mitupu kwa miongo kadhaa. Kiatu cha ngozi chenye kisigino kilikuwa alama ya karani, mwalimu, mhubiri na mfanyakazi aliyerejea kutoka mbali. Maana hiyo ya hadhi haikuwa ya ukanda huu tu. Laura Fair ameeleza jinsi, katika Zanzibar ya karne ya 19, kuvaa viatu kulivyotenganisha muungwana na mtumwa, na jinsi watumwa walioachwa huru walivyobadili mavazi yao ili kuutangaza uhuru wao.

Katika ukanda wa Kyela, kiatu kilikuja kwa kiasi kikubwa kupitia safari za kazi. Katika miaka ya 1920 na 1930 vijana wengi walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine walivuka mipaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi serikali ya Tanganyika ilipositisha uajiri wa migodi ya Afrika Kusini baada ya Uhuru. Godfrey Wilson ni shahidi muhimu wa pande zote mbili za safari hiyo. Yeye na mkewe, Monica Wilson, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Baadaye, katika insha yake ya 1941–1942 kuhusu mji wa Broken Hill, alionesha kwamba wafanyakazi wa mjini walitumia sehemu kubwa ya fedha zao kwa mavazi. Mavazi yalikuwa akiba, zawadi na heshima kwa wakati mmoja. Mtu aliyerejea nyumbani akiwa na viatu alirejea na ushahidi wa miaka yake ya kazi.

Ushahidi huo ulihitaji kutunzwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa kawaida mtu kubeba viatu mkononi njiani, kuosha miguu karibu na kanisa au ofisi, na kuvivaa hapo. Tabia hii imewahi kuchekwa kama ushamba, lakini kwa mtazamo wa matengenezo ni hesabu sahihi. Kisigino kisichokanyaga tope hakilowi wala hakiliki, na jozi moja huweza kutumika kwa miaka mingi.

Kiatu cha ngozi cha wakati huo kilikuwa na sifa moja iliyomfaa fundi. Kisigino chake kilijengwa kwa tabaka za ngozi zilizopangwa moja juu ya nyingine na kushikizwa kwa misumari. Tabaka la chini kabisa liliweza kung'olewa na kubadilishwa bila kuyagusa mengine. Nchini Marekani, Humphrey O'Sullivan alipata hataza ya kisigino cha mpira mwaka 1899, na tangu hapo tabaka la chini la ngozi lilianza kubadilishwa kwa mpira, ambao hulika polepole na haunyonyi maji. Kanuni ya ujenzi ilibaki ileile: juu kitu kigumu cha kubeba, chini kitu cha kulika. Aliyejifunza kazi ya viatu kwa kufungua kisigino cha aina hiyo alijifunza pia kwamba kisigino ni kitu kinachofunguka.

Magari yaliyoanza kupita katika barabara za nyanda za juu yalileta malighafi nyingine, yaani tairi kuukuu. Kutokana nalo yalitengenezwa makatambuga, kandambili zilizokatwa kutoka kwenye tairi na kufungwa kwa mikanda ya mpira. Katambuga lilidharauliwa kama kiatu cha maskini, lakini ndilo lililowafundisha mafundi tabia za mpira wa tairi: unakatwaje, unashika msumari wapi, na unakataa kupinda upande gani. Maarifa hayo yalikuja kuhamia kwenye kisigino.

4.0 Kisigino katika Uchumi wa Ujamaa, 1967–1984

Mwezi Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitangaza kuchukua hisa nyingi katika baadhi ya viwanda, na Kampuni ya Viatu ya Bata ilikuwa mojawapo. Kiatu kikawa jambo la taifa. Wakati huohuo mwili uliovaa kiatu ulikuwa umekwisha kuwa suala la siasa. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyopitishwa mwaka 1968, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Andrew Ivaska ameeleza kwa kina ugomvi uliozuka Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 vilifuata viatu vya raizoni, vyenye soli nene na visigino virefu vilivyovaliwa na vijana wa kike na wa kiume. Mchuchumio, kiatu cha kisigino kirefu chembamba, ulikuwa umetangulia. Mjadala wa hadharani uliuliza kama viatu hivi vinafaa kimaadili. Swali la nani angevirekebisha, na kwa kutumia nini, lilibaki mezani kwa fundi.

Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kinaonesha wazi zaidi jinsi taifa lilivyokielewa kiatu. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikiwa na uwezo wa kuzalisha jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Jengo lake la kuta za alumini lisilopitisha hewa vizuri halikulingana na joto la Morogoro. Mitambo iliharibika, vipuri na malighafi vilikosekana, na uzalishaji haukuwahi kuvuka takriban asilimia 4 au 5 ya uwezo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1990. Wachambuzi wengi wamekitumia kama mfano wa mipango mibaya ya maendeleo. Kuna jambo jingine ambalo halijasisitizwa vya kutosha. Kipimo cha mafanikio kilikuwa idadi ya jozi zitakazozalishwa. Muda ambao jozi moja ingedumu mguuni mwa Mtanzania haukuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Hata hivyo, hesabu hiyo ndiyo iliyotawala maisha ya vijijini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na Vita vya Kagera vya 1978–1979, bidhaa za viwandani ziliadimika. Kiatu kipya kilikuwa kigumu kupatikana hata kwa mwenye fedha ya mauzo ya mpunga. Katika hali hiyo, kurekebisha hakukuwa chaguo la asiyenacho peke yake. Mwalimu, mkulima na mtumishi wa serikali walikutana kwenye benchi moja la fundi. Tabaka la tairi chini ya kisigino cha ngozi, ambalo awali lingeonekana kama kiraka cha aibu, likawa jambo la kawaida. Uhaba ulifanya tairi na ngozi viishi katika kiatu kimoja.

5.0 Mitumba na Kisigino Kisichofunguka, kuanzia 1984

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wafanyabiashara wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mageuzi yaliendelea chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Viatu vya mitumba na, baadaye, viatu vipya vya bei nafuu kutoka Asia vilifika hadi kwenye magulio ya vijijini. Karen Tranberg Hansen, katika utafiti wake wa mitumba nchini Zambia uliochapishwa mwaka 2000, amesisitiza kwamba wanunuzi wa nguo hizo hawakuwa wapokeaji tu wa mabaki ya wengine, kwa kuwa walichagua, walibadili na kuzipa maana mpya. Kwa upande wa viatu, kazi hiyo ya kubadili ilifanywa kwa sehemu kubwa na fundi.

Viatu hivi vilileta tatizo ambalo kiatu cha zamani hakikuwa nalo. Soli na kisigino vilikuwa vimemiminwa kwa pamoja katika kalibu moja, bila tabaka, bila msumari na bila mshono. Ndani ya kisigino mara nyingi mlikuwa na uwazi uliogawanywa kwa kuta nyembamba kama sega la nyuki ili kupunguza uzito na gharama. Msuguano ulipokwisha kuitoboa ngozi ya nje, tope na changarawe viliingia ndani ya sega hilo. Hapakuwa na tabaka la kung'oa.

Soli za poliyurithani zilikuwa na kasoro ya ndani zaidi. Aina iliyotengenezwa kwa msingi wa poliesta huvunjwavunjwa na unyevu na joto kwa mchakato wa kikemia uitwao haidrolisisi. Mchakato huo huendelea hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa tu. Kiatu chaweza kukaa miaka kadhaa ghalani au sandukuni, kikafika sokoni kikiwa kizuri machoni, kisha soli yake ikamomonyoka kama mkate mkavu baada ya siku chache za kuvaliwa. Katika uwanda wenye joto na unyevu kama wa Kyela, hasara hiyo humwangukia mnunuzi. Gundi haisaidii, kwa sababu haiwezi kushika kitu ambacho chenyewe kinavunjika. Tiba pekee ni kuiondoa soli yote na kujenga nyingine.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba. Baada ya shinikizo la Marekani kupitia mpango wa AGOA, Rwanda ndiyo iliyoshikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa sehemu ya nafuu za biashara. Mjadala uliwapanga viwanda vya ndani upande mmoja na wauza mitumba upande mwingine. Fundi viatu, ambaye anaishi kutokana na vyote viwili, hakuwa na upande katika mjadala huo.

6.0 Maarifa ya Fundi

Kiatu kilichorekebishwa kinaweza kusomwa kama hati. Matundu ya misumari ya zamani, ukingo wa gundi iliyokatwa, uzi mpya juu ya mshono wa kale, vyote hueleza kiatu kimepita mikononi mwa nani na kwa mpangilio gani. Usomaji huo unaonesha kanuni nne zinazoongoza kazi ya kukiimarisha kisigino.

Kanuni ya kwanza ni kurejesha tabaka. Kisigino kilichomiminwa na kutoboka hukatwa kwa kisu hadi kiwe bapa. Kuta za ndani husafishwa, na uwazi huzibwa kwa kipande cha mbao ngumu au mpira kilichochongwa kiingie kwa kukaza. Chini yake hubandikwa tabaka la mpira. Kazi ikikamilika, kisigino kisichofunguka kimegeuzwa kuwa kisigino cha tabaka kama kile cha ngozi cha zamani, na matengenezo yatakayofuata yatakuwa mepesi kuliko yale ya kwanza.

Kanuni ya pili inahusu malighafi. Si kila tairi linafaa. Tairi la zamani lenye nyuzi za nailoni zilizopishana hupendwa, kwa kuwa hukatika kwa kisu na nyuzi zake huzuia kichwa cha msumari kisizame na kupenya. Tairi lenye nyaya za chuma huharibu kisu, na nyaya zikijitokeza huchoma. Sehemu nene inayokanyaga barabara hufaa kisigino, na ubavu wa tairi, ulio mwembamba na mwepesi kupinda, hufaa soli.

Kanuni ya tatu ni kutotegemea kishikizo kimoja. Gundi hupakwa pande zote mbili zilizokwaruzwa kwa tupa au msasa, huachwa hadi isigandie kidole, ndipo pande hukutanishwa na kugongwa. Hata ikishika vizuri, maji ya masika yatailegeza. Kwa hiyo soli hushonwa kuzunguka ukingo kwa uzi wa nailoni, na kisigino hupigiliwa misumari. Msumari unaofuata mwelekeo wa nyuzi za mbao hushika kidogo kuliko unaozikata, hivyo misumari hupigwa kwa kuelemea pande zinazotazamana. Penye uwezekano, ncha hukunjwa ndani juu ya chuma cha fundi.

Kanuni ya nne ni wakati. Kisigino kilicholika upande mmoja huinama, na mzigo wa mwili hausimami tena katikati yake. Katika mchuchumio, ambao uimara wake hutegemea ufito wa chuma uliomo ndani, kuinama huko huvuta kiungo cha juu kila hatua hadi kivunjike. Kipande kidogo cha mpira kikibadilishwa mapema, ufito na kiungo hunusurika. Mithali ya asiyeziba ufa hujenga ukuta, kwa fundi viatu, ni maelezo ya kiufundi.

Maarifa haya hurithishwa kwa kukaa benchini na kutazama. Asasi rasmi kama SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, pamoja na vyuo vya ufundi stadi na mafunzo ya teknolojia ya ngozi mkoani Mwanza, zimeinua utengenezaji wa bidhaa za ngozi. Lakini kujua kutengeneza kiatu kipya si sawa na kujua kukifungua kiatu kilichotengenezwa na mwingine ambaye hakukusudia kifunguliwe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya kisigino katika ukanda wa Kyela ina mwelekeo usiolingana na ule wa viwanda. Kiwandani, kisigino kilitoka kwenye tabaka nyingi kikawa kitu kimoja kilichomiminwa. Mezani kwa fundi, kitu hicho kimoja kilirudishwa kuwa tabaka. Fundi hakufanya hivyo kwa kung'ang'ania ukale. Aliongozwa na mvua, tope, umbali wa shule na kipato kinachofuata msimu wa mavuno.

Matokeo ya hoja hii ni mawili. Kwa upande wa utafiti, wanahistoria wa teknolojia nchini wanapaswa kukihesabu kiatu kilichorekebishwa kuwa chanzo cha historia sawa na kumbukumbu za kiwanda, na kukikusanya kabla hakijatupwa. Viatu hutupwa vikiwa vimebeba ushahidi ambao hakuna faili lililouandika. Kwa upande wa sera, juhudi mpya za kufufua viwanda vya ngozi zitarudia kosa la Morogoro iwapo zitaendelea kuhesabu jozi zinazozalishwa bila kuuliza kama kisigino kinaweza kung'olewa na kuwekwa kingine. Kiatu cha mwanafunzi chenye kisigino cha tabaka na tundu la msumari lililoandaliwa tangu kiwandani hakihitaji teknolojia ngeni. Kinahitaji mbunifu wa kiwandani akubali kwamba kazi yake itamaliziwa na mtu mwingine, miaka kadhaa baadaye, chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha duka, na kwamba mtu huyo ni fundi mwenzake.